Research4Life kwa mwanafunzi wa uzamili anayesoma kwa masafa: inafaa wapi, inakwama wapi

Makala moja ya jarida la kimataifa mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya dola 30 za Marekani, na sura ya pili ya tasnifu hudai makala nyingi. Kwa mtu anayeishi Mbagala au Kibamba, anayeshinda kazini na kuandika usiku, Research4Life, mpango wa kimataifa unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, ndiyo huduma ya kwanza ya kutafuta kabla hajafikiria kulipia chochote. Ni nzuri kweli, lakini uzuri wake unategemea sana mkutubi wa chuo chako.

Ndani yake kuna mikusanyo mitano: Hinari ya afya, iliyoanza 2002 chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani; AGORA ya kilimo, ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo; OARE ya mazingira; ARDI ya teknolojia na ubunifu, ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani; na GOALI ya sheria, ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, iliyoongezwa 2018. Tanzania imo Kundi A, la nchi zinazopewa huduma bure, kwa hiyo taasisi zake hazilipi. Ila inayosajiliwa ni taasisi. Mtu binafsi hawezi kujiandikisha, hata awe na shida kiasi gani.

Jina la kuingilia na nywila ni vya chuo kizima, na hutunzwa na maktaba. Ukiwa umesajiliwa Chuo Kikuu Huria au chuo kingine chochote, mwandikie mkutubi kwa baruapepe ya chuo, utaje namba ya usajili, programu unayosoma na kituo chako. Ombi lililotoka kwenye baruapepe binafsi, bila namba, huchelewa kwa sababu mkutubi hana namna ya kuhakikisha wewe ni nani. Ukishapewa nywila, usiitupe kwenye grupu la WhatsApp. Masharti yanakataza kumpa mtu asiye wa taasisi, na yanakataza pia kushusha matoleo mazima ya jarida. Mchapishaji akiona makala zinashushwa kwa mkupuo, anaweza kuifungia taasisi yote, nanyi wote mkabaki nje.

Kosa linalowapotezea watu muda mwingi ni la mlangoni. Mwanafunzi anaingia kwenye huduma, kisha anafungua ukurasa mwingine na kutafuta makala ileile Google. Mchapishaji hamtambui, anamtaka alipe, naye anaondoka akisema huduma haifanyi kazi. Ufikiaji hupitia kiungo cha ndani ya lango la Research4Life: tafuta jarida au makala humohumo, bonyeza hapo, kisha tazama anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikiwa ni ya mchapishaji peke yake, bila nyongeza yoyote, huenda umetoka nje ya lango. Rudi uanzie ndani. Kama ulikuwa umeingia na kurasa zikaanza kugoma, toka, futa vidakuzi (cookies) vya kivinjari, ingia upya. Zima VPN, na uache Opera Mini kwa kazi hii: hali yake ya kubana data hupitisha kurasa kwenye seva za mbali, na mifumo inayomtambua msomaji kwa anwani ya IP huchanganyikiwa. Chrome au Firefox ya kawaida inatosha.

Jambo jingine ambalo wasimamizi hulalamikia: viungo vilivyokufa kwenye marejeleo. Anwani uliyoikopi ukiwa ndani ya lango haitamfungukia mtu mwingine. Kopi DOI, ile namba ya kudumu ya makala inayoanza na 10., uiingize papo hapo kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeleo.

Katika kutafuta, funga maneno yanayokwenda pamoja kwa alama za nukuu, unganisha dhana kwa AND, kisha punguza kwa miaka na kwa makala kamili. Ukiandika sentensi nzima ya mada yako utapata lundo lisilosomeka. Soma ikisiri kwanza. PDF ya kawaida huwa na MB 1 au 2, lakini makala ya zamani iliyoskaniwa hufika mara kumi ya hapo, na bando huisha kabla hujajua kama inakufaa.

Udhaifu wake ni halisi. Wachapishaji huamua nchi za kuzifungulia, kwa hiyo jarida kuonekana kwenye orodha si ahadi kwamba litafunguka kwako. Wa afya na kilimo hushiba. Wa fasihi na Kiswahili hubaki na njaa. Hao waende kwenye tovuti ya majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, AJOL kwa majarida ya Afrika, na JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, ambayo kwa akaunti ya bure huruhusu kusoma mtandaoni idadi fulani ya makala kila mwezi. Tasnifu za Kitanzania hazitafutwi Research4Life kabisa. Ziko kwenye hazina za kidijitali za vyuo vyenyewe, na anayeandika kuhusu Temeke au Kilosa bila kupita huko atasumbuliwa siku ya utetezi.

Makala ikigoma kote, mtumie mkutubi ombi lenye mwandishi, mwaka, kichwa, jarida na DOI. Ukimtumia picha ya skrini iliyokatwa nusu, atalazimika kukuuliza upya.