Neema Crafts, Iringa: Mgahawa na Duka Linalostahili Wateja wa Nyumbani

Wahudumu wa mgahawa wa Neema Crafts, kituo cha kazi za mikono za watu wenye ulemavu mjini Iringa, ni viziwi, na mteja anayeingia kwa mara ya kwanza huwa na wasiwasi wa bure kwamba hataeleweka. Utaratibu ni mwepesi: mteja anasoma menyu na kuandika oda yake kwenye karatasi, na asiyetaka kuandika anaonyesha kwa kidole au anajaribu alama chache za lugha ya alama. Kwa maoni yangu huduma hii inazidi ile ya migahawa mingi ninayoifahamu, kwa sababu mhudumu asiyesikia humtazama mteja usoni hadi amalize kueleza haja yake, na oda iliyoandikwa haisahauliki njiani kuelekea jikoni. Kahawa ni nzuri, keki ni laini, na mlo wa mchana unamtosha mtu mwenye njaa ya kweli. Kuhusu chakula sina mengi ya kuongeza, kwani kilichonisukuma kuandika tathmini hii ni kazi zinazotoka katika karakana za kituo hicho, pamoja na swali la nani hasa anazinunua.

Kituo kilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kikiwa na vijana 3 viziwi waliofundishwa na msanii kutoka Uingereza, Susie Hart, kutengeneza karatasi kwa mikono. Malighafi yao ilikuwa kinyesi cha tembo. Anayeshtuka na ajue kwamba tembo humeng'enya chini ya nusu tu ya chakula anachokula, hivyo kinyesi chake hujaa nyuzi za majani na magome, na nyuzi ndizo uti wa karatasi yoyote duniani. Huoshwa na kuchemshwa mpaka zitakate, huchanganywa na rojo la karatasi kuukuu, hutandazwa juu ya fremu yenye wavu, kisha huanikwa. Karatasi inayopatikana ni nene kidogo, ina chembechembe zinazoonekana kwa macho, wala haina harufu. Katika mkoa wenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo inajulikana kwa wingi wa tembo wake, ni vigumu kufikiria malighafi iliyo ya nyumbani kuliko hiyo.

Kutoka vijana hao watatu kituo kilikua hadi kutoa ajira kwa watu wenye ulemavu zaidi ya 100, wakiwa wafumaji, washonaji, watengeneza shanga na wachapaji wa vitambaa, na kikaendesha pia huduma ya tiba ya viungo kwa watoto wenye ulemavu. Jambo hili lina uzito wake. Katika miji yetu tumezoea kumwona mtu mwenye ulemavu ameketi kando ya mlango wa msikiti, wa kanisa au wa benki akisubiri sarafu, kiasi kwamba wengi wetu hatufikirii tena kwamba mikono inayopokea sarafu inaweza kufuma. Hapa anayepita karakanani anamkuta fundi kwenye kitanda cha mfumi, akipitisha uzi huku na huku kwa mwendo usiobadilika, na kitambaa kinachokua mbele yake hakihitaji huruma ya mtu ili kinunulike.

Nasisitiza hilo kwa kuwa nimeshika bidhaa za aina hii katika maduka mbalimbali ya misaada na kukuta mshono unaoachia au rangi inayochuja, na mnunuzi akitarajiwa kuvumilia kwa sababu ya aliyeitengeneza. Vitambaa vya meza, mikoba na foronya za Neema havimwombi mnunuzi uvumilivu huo. Ufumaji umebana na kingo zimenyooka. Kadi na madaftari ya karatasi ya tembo ndiyo niyapendayo zaidi, kwa sababu mtu hawezi kuyapata kwenye duka lolote la vifaa vya ofisi, na anayepewa zawadi hiyo huigeuza mkononi mara mbili kabla ya kuuliza imetengenezwa na nini. Bei ziko juu ya zile za bidhaa za kiwandani kutoka nje, na haiwezi kuwa vinginevyo pale ambapo fundi amelipwa ujira wa siku nzima kwa kazi ambayo mashine ingeimaliza kwa dakika.

Ukikaa katika duka kama hili, utaona kwamba wageni wanaoelekea hifadhini au wanaotoka huko ndio wanaotazamiwa sana kununua. Wanunuzi hao wanakaribishwa, lakini kuwategemea wao peke yao ni hatari. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii takriban milioni 1.5, na mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, idadi hiyo ikashuka hadi karibu 620,000. Kiwanda chochote cha mikono kinachouza kwa wapita njia hutikisika katika mwaka wa namna hiyo, ilhali wakazi wa mji husika waliendelea kuoa, kuhitimu, kufungua ofisi na kupeana zawadi. Kwa hiyo ombi langu liwaendee wao.

Fikirini kuhusu harusi. Kila familia huunda kamati, kila kamati huchapisha kadi za mchango na za mwaliko, na fedha hizo huishia kwa wachapaji wanaotumia karatasi iliyoagizwa kutoka mbali. Fikirini kuhusu vyuo. Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na katika kila mahafali kuna mgeni rasmi anayekabidhiwa zawadi na wahitimu bora wanaotunukiwa. Hoteli na nyumba za wageni zinahitaji vitambaa vya meza na mapazia. Kampuni za chai na za mbao za nyanda hizi hununua shajara na zawadi za wateja kila Desemba. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayelazimika kutoa sadaka. Anachotakiwa ni kuwaungisha mafundi wa mji wake kwa fedha ambayo angeitumia hata hivyo.

Anayetaka kuchangia moja kwa moja naye hajafungiwa mlango. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa kupunguzwa katika mapato ya biashara yanayotozwa kodi, usizidi asilimia 2 ya mapato hayo, na nadhani wafanyabiashara wadogo hawaambiwi habari hii vya kutosha na wahasibu wao. Kuna pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Mwajiri anayedai hajui mtu mwenye ulemavu anaweza kufanya kazi gani aagize kahawa kwenye mgahawa huu, kisha aombe kutembezwa karakanani.

Kwa kamati na ofisi zitakazoamua kuagiza, naomba zizingatie muda. Karatasi hukauka kwa jua, na mkoani Iringa mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo anayetaka kadi mia kadhaa kwa ajili ya harusi ya Desemba asisubiri Novemba. Apeleke sampuli ya maneno na ukubwa anaoutaka, akubaliane na mafundi kuhusu tarehe, na alipe malipo ya awali ili malighafi ziandaliwe mapema.