Uzoefu wangu: boksi la mvinyo wa kulia sandwichi

Nikirudi kazini sina hamu ya kuwasha jiko, kwa hiyo jioni nyingi nakula sandwichi. Ndiyo maana nilipoona boksi la chupa sita ndogo, mililita 375 kila moja, linalouzwa kama "mvinyo wa sandwichi zako", sikujiuliza mara mbili. Nimelimaliza ndani ya wiki mbili. Mvinyo wenyewe ni mzuri. Ile kadi ya maelekezo iliyokuja nao, nusu yake ni ya kutupa.

Nianze na kilichonikera. Kadi inasema Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu mzito, inafaa kwa sandwichi yoyote. Nikaamini, nikaifungua kwa sandwichi ya tuna: mayonezi, kitunguu kilichokatwakatwa, ndimu kidogo. Funda la kwanza tu, mdomo ukajaa ladha ya chuma, kama nimelamba sarafu, na nyuma yake ikafuata shombo kali ambayo kwenye tuna peke yake haikuwepo. Nikadhani nimeuziwa mvinyo ulioharibika. Nikasukutua kwa maji, nikauonja bila chakula: mzima kabisa! Kumbe mvinyo mwekundu una chembe za madini ya chuma, na zikikutana na mafuta ya samaki ndipo shombo inapoibuka. Halafu kuna tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyoachwa na majani yake. Kwa samaki ni balaa juu ya balaa.

Kesho yake nikarudia tuna ile ile na Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe, ya Marlborough, New Zealand. Uchachu wake ulifanya kazi ya ndimu, na mayonezi hayakunielemea tena.

Cabernet iliyobaki niliirudisha kwenye friji, nikaitoa siku nilipokuwa na vipande vya nyama ya ng'ombe ya kuoka. Hapo ilitulia. Protini na mafuta ya nyama huishika tanini, ule ukakasi ukapungua, na nikaanza kuusikia mvinyo wenyewe.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni cava, mvinyo wa mapovu wa Uhispania, ambao huchachuka mara ya pili ndani ya chupa kama ilivyo Champagne. Nilikaanga mkate kwa siagi hadi ukawa rangi ya kahawia, jibini ndani likayeyuka na kuvutika kama uzi nilipoukata. Kwa kawaida sandwichi hii hunishinda nikifika nusu, kwa sababu mafuta yanaganda mdomoni na kila tonge linafanana na lililopita. Safari hii kila funda la cava lilisugua ulimi, nami nikauma tena kana kwamba ndiyo kwanza naanza. Niliumaliza wote nimesimama jikoni, hata sahani sikuchukua.

Sandwichi ya hemu na jibini niliila na Beaujolais, mvinyo mwekundu mwepesi wa zabibu za Gamay, baada ya kuuweka nusu saa kwenye friji. Safi. Roze, yaani mvinyo wa waridi, na sandwichi ya mayai vilipita tu, sina la kusema.

Mahali ambapo kadi haikukosea ni kuku wa pilipili na Riesling, mvinyo mweupe, ya Mosel, Ujerumani. Ina utamu kidogo, na kilevi ni asilimia 8 tu. Kilevi kingi huchochea moto wa pilipili, utamu huupoza. Ila nilipata kiburi, iliyobaki nikaijaribu na siagi ya karanga na jemu. Jemu ilikuwa tamu kuliko mvinyo, basi Riesling yangu ikageuka maji ya ndimu. Na matango ya siki yaondoeni kabla ya kumimina chochote, maana mvinyo usio mchachu kuyashinda huonekana umepooza.

Kuhusu vifungashio: chupa nne zina vifuniko vya kuzungusha, raha tupu. Kizibo cha moja kati ya zile mbili kilikatikia ndani, nikachuja mvinyo kwa chujio la chai.

Niliwaandikia wauzaji nikaomba boksi la pili liwe na cava mbili na lisiwe na Cabernet. Wakajibu hawabadilishi. Nimeagiza hivyo hivyo, na nyama ya kuoka tayari iko kwenye friza.