«Papa, mafuta ni mafuta»: pompi za ambreyaje (klachi) na duka moja ya piyese (vipuri) hapa Bukavu

Pompi za ambreyaje nilibadirisha mimi mwenyewe kwenye parseli, ile ya juu kwenye pedali na ile ya chini kwenye buati ya gia, na kazi ilitoka muzuri, nasema kweli. Mama watoto alikaa kwenye usukani, mi niko chini ya gari na kachupa na kampira kadogo, namwambia kanyaga, shikilia, nafungua kavisi, hewa inatoka mapovu mapovu, nafunga, haya achilia, tena. Mpaka giza. Kesho yake pedali ilikuwa nguvu kama ya gari mpya, nikapanda mpaka Kadutu gia haijalia hata mara moja. Ningeandika siku ile ningepatia hii duka iliniuzishia pompi nyota zote.

Sasa ngoja. Niliwaomba mafuta ya breki, DOT 3 ao 4, juu ambreyaje inakunywa hayo hayo. Kijana akanipatia chupa haina karatasi, ndani mafuta mekundu. Nikauliza mbona mekundu? «Papa, mafuta ni mafuta.» Nikaamini, juu yeye njo anauzisha kila siku.

Hata juma mbili hazikuisha. Niko kwenye mlima, mvua, magari nyuma, watoto ndani wanaenda masomo, nakanyaga pedali inaenda chini, hairudi. Nikaiinua na mguu, wapi! Motere ikazimika, gari ikaanza kurudi nyuma, breki ya mkono haitoshi, ni mpita njia mmoja alituwekea jiwe kwenye gurudumu, Mungu amubariki.

Kufungua pompi, kaushu (vimpira vya ndani) zote zimevimba, laini kama mkate ndani ya chai. Yale yalikuwa mafuta ya usukani, na kaushu za pompi haziyavumilii kabisa.

Nilirudi pale na kaushu mkononi, na heshima bado. Yule kijana hakuziangalia. Akasema mbele ya watu: «Papa, kama haujue gari, panda moto (pikipiki).» Mtoto wa umri wa mwanangu! Patron wake iko pale anahesabu franga, hakuinua hata kichwa.

Na kile kinaniumiza zaidi, gari yangu iko na vikopo viwili, cha breki mbali, cha ambreyaje mbali. Magari mingi kikopo ni kimoja. Mutu akimwaga ile chupa mule, breki njo zinakufa, na hii milima yetu munaijua.

Piyese zenyewe, sitadanganya, ni nzuri. Nilinunua kaushu pengine na mafuta ya chupa yenye kufungwa, nikasafisha kila kitu, pedali imerudi na mpaka leo inashika. Basi nyota tatu. Hapana, nikikumbuka watoto wangu kwenye ule mlima, moja, na hiyo moja ni ya piyese tu. Juzi nilipita pale, zile chupa nyekundu bado ziko kwenye meza.