SUV ndogo ya kazi: ipi inabeba, ipi inavuta, na ipi itakuaibisha mlimani

Anayenunua SUV ndogo huuliza mambo mawili: inakula mafuta kiasi gani, na spea zake zinapatikana? Maswali mazuri. La tatu huja baadaye, siku saiti inataka saruji na mwenye Canter ya kukodi ametaja bei isiyoshikika: hivi hili gari langu linabeba kilo ngapi? Hapo kila mtu kijiweni ana jibu lake, na mengi ni ya kubuni.

Nazungumzia magari tunayopishana nayo kila siku Tanzania na Kenya, yaliyokuja kutoka Japani yakiwa yametumika: Escudo, Forester, RAV4, CX-5, X-Trail na Rush. Nimeyapanga kwa kazi, si kwa sura wala kwa urahisi wa kuliuza tena. Kama gari lako ni la ofisini na harusini tu, mpangilio huu haukuhusu sana.

Kilo 275 za kila mtu

Gari la Japani huja na cheti cha kusafirishia nje, na ndani yake kuna namba mbili: uzito wa gari na uzito wa jumla. Toa ya kwanza kwenye ya pili. RAV4 ya viti vitano: 275. Rush: 275. Vitz ya jirani yako nayo: 275. Si kwamba yana nguvu sawa. Wajapani huhesabu kilo 55 kwa kila kiti, mara tano, basi. Namba hiyo ni ya makaratasi yao, haikuambii springi zinavumilia nini. Kisanduku cha uzito wa mzigo hujazwa kwa magari ya mizigo tu. Probox ya mizigo, kwa mfano, huandikiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili na 250 ikiwa na watano. Ndiyo, Probox. Kwenye karatasi inaishinda hiyo SUV iliyonyanyuka ya milioni nyingi, na wasafirisha miraa wa Meru hawakuhitaji karatasi kulijua hilo.

Magari haya haya yalipouzwa Ulaya na Australia yalipimwa kwa namna nyingine, na mengi huangukia kati ya kilo 400 na 500. Kama gari lako lilitoka Uingereza, fungua mlango wa mbele utazame nguzo: kuna kibati chenye namba nne. Ya kwanza ni uzito wa juu wa gari na vilivyomo, ya pili ni wa gari pamoja na tela, mbili za mwisho ni za ekseli ya mbele na ya nyuma. Ya pili ukitoa ya kwanza, umepata uzito wa tela. Kwa gari la Japani lisilo na kibati cha aina hiyo, mimi hutumia kilo 400 kuwa dari, watu wote wakiwemo. Watu wazima watano ni 350 au zaidi. Ikibaki nafasi ya begi mbili na mkungu wa ndizi, shukuru. Ukiwa peke yako na kilo 75 zako, mifuko sita ya saruji ya kilo 50 inaingia kwa usalama. Wa saba ni wa ubishi.

Tairi nalo lina la kusema. Soma ubavuni: 215/65R16 98H maana yake tairi hilo moja linabeba kilo 750, ikiwa 102, ni kilo 850. Kuna wauzaji wa matairi ya bei poa wanaokupa namba ndogo kuliko ya kiwandani bila kukuambia. Na keria ya juu: kwa SUV nyingi za ukubwa huu kikomo ni kati ya kilo 75 na 100, keria yenyewe ikiwemo. Gunia la mchele la kilo 100 halina kazi juu ya paa.

Farasi wa Mombasa na farasi wa Nairobi

Dalali atakutajia cc, yaani ukubwa wa injini, na farasi, yaani kipimo cha nguvu zake. Muulize torki, yaani nguvu ya injini kusokota, na muulize inapatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Farasi hukuambia gari litakimbia vipi barabara ikiwa nyeupe. Torki ya chini hukuambia kama litaondoka kwenye tuta la mlimani, watu watano ndani, bila kupiga kelele.

Halafu mwinuko. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. X-Trail ya 2.0 ya mwaka 2008 ina farasi 137 baharini. Nairobi, kwenye mita kama 1,700, wanabaki kama 114. Hapo imekaribia Rush ikiwa Mombasa, yenye 109. Ukipanda mpaka Timboroa, au ukiishi Njombe, hesabu inazidi kuuma. Injini ya tabo hujisukumia hewa yenyewe, haiumii hivyo.

Sanduku la gia ndilo watu husahau. CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ni laini mjini na inaokoa mafuta, lakini ukiipa mzigo na mlima mrefu kwa pamoja inapata joto, na ikipata joto hujilinda kwa kupunguza nguvu. Uko katikati ya mlima Kitonga, nyuma yako kuna semi, mguu uko chini, na gari linatambaa. Otomatiki ya kawaida ya gia nne inakula mafuta zaidi, lakini ni mvumilivu. Gia za mkono, ukizipata, ndizo bora kwa tela.

Mpangilio

1. Suzuki Escudo, toleo lililoanza 2005. Haipendezi kama zilizo chini yake, na ndani plastiki inalia. Lakini imejengwa na fremu ya ngazi iliyoshonwa ndani ya bodi, ina 4WD ya muda wote, na kwenye nyingi gia nzito ya 4L, ile ya mwendo mdogo. Nguvu yake huenda zaidi kidogo magurudumu ya nyuma. Hilo lina maana: ukipakia nyuma au ukifunga tela, pua ya gari inanyanyuka kidogo na tairi za mbele zinapoteza mshiko. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele litateleza kwenye tope la mlimani hapo hapo Escudo inaposukuma. 4L pia ni breki ya bure wakati wa kushuka mteremko mkali wenye udongo.

Ubaya wake usifichwe. Ya 2.0 ina farasi 145 na torki ya Nm 193 kwenye mwili wa karibu kilo 1,600, kwa hiyo haichanganyi. Kuovateki mabasi barabara ya Segera kunataka moyo wa subira. Ya 2.4 ina farasi 166 na Nm 225, na hiyo ndiyo ningenunua, ingawa Tanzania ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 2000. Zote zinapenda mafuta. V6 ya 2.7 ipo pia. Mwachie mwenye sheli.

2. Subaru Forester, la 2008 hadi 2012. Kwa kila siku ndilo tamu kuliko yote: 4WD ya muda wote, injini iliyolala chini, linashika kona hata likiwa na mzigo. 2.0 isiyo na tabo ina farasi 148, na otomatiki yake ni ya gia nne, si CVT. La tabo ndilo la watu wa nyanda za juu, mradi ukubali kuliwekea oili nzuri kwa wakati.

Likague nyuma. Baadhi ya Forester zilitoka na shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe zikipata mzigo. Zikichoka, gari linalala nyuma hata likiwa tupu, taa zinaangalia mbinguni, na mpya zake ni ghali. Mafundi wengi huzitoa na kufunga springi nzito na shokapu za kawaida. Si dhambi, ila uliza zimefungwa zipi. Ukiona springi imechomekewa raba au kipande cha chuma, punguza bei au ondoka.

3. Toyota RAV4 ya 2.4, 2005 na kuendelea. Farasi 170 na Nm 224 kwenye gari la kama kilo 1,500: kati ya za petroli zisizo na tabo hapa, hakuna inayopanda kwa raha kama hii. Spea hata Tunduma zipo. Kinachoishusha ni CVT ya toleo la Japani, ambayo siipendi kwa tela, na baadhi ya injini hizi za miaka ya mwanzo kunywa oili. Angalia namba ya chasisi: ACA31 ni 4WD, ACA36 ni ya magurudumu mawili. Wauzaji wengine hawaitaji tofauti hiyo, na kwa nje magari ni yale yale.

RAV4 hii inaonyesha pia namna namba za kuvuta zinavyoyumba. Marekani, ya silinda nne ilipewa kikomo cha ratili 1,500, kama kilo 680. Ulaya gari hilo liliruhusiwa kuvuta zaidi, kwa sababu kule mwenye tela hupangiwa mwendo mdogo, na tela hupakiwa hivi kwamba uzito mdogo tu hulalia ndoano. Kwa hiyo namba ya mtandaoni isiyosema ni ya nchi gani haina msaada kwako.

4. Mazda CX-5 ya dizeli 2.2. Kwa nguvu peke yake ingekuwa ya kwanza bila mjadala. Ya Japani ina Nm 420, tena kwenye mizunguko 2,000 tu. RAV4 inatoa kama nusu ya hiyo, tena ikiwa imeshapiga kelele. Ina tabo, kwa hiyo Nairobi na Mbeya haziitishi. Ya Ulaya iliruhusiwa tela lenye breki hadi kilo 2,000.

Nimeishusha kwa sababu ya chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha kwa kuyachoma, na kwa hilo linahitaji safari ndefu injini ikiwa ya moto. Gari likiishi Sinza hadi Kariakoo na kurudi, kazi hiyo inakatizwa kila mara, chujio linaziba, na dizeli iliyopulizwa kwa ajili ya kuchoma inateremka kwenye oili. Unapolikagua, chomoa stiki ya oili. Oili ikiwa imefika alama ya X iliyo juu ya ile ya kujaa, na inanuka dizeli, hilo gari limeteswa foleni. Kwa mtu wa Dar–Dodoma kila wiki, ipandishe iwe namba moja. Kwa wa mjini, nunua CX-5 ya petroli au shuka orodha.

5. Nissan X-Trail, la 2007 hadi 2013. Nyuma ni pana, pasafi kwa mzigo, na bei yake ina huruma. Lakini Nm 200 pamoja na CVT ni ndoa ya tambarare. Kwa Dar, Tanga na Mombasa ni chaguo zuri. Kwa tela na milima, hapana. CVT iwekewe oili yake yenyewe, si ile ya otomatiki ya kawaida ambayo fundi amebakiza kwenye galoni.

6. Toyota Rush. 1.5, farasi 109, Nm 141. Imara, nyepesi, inasukuma kwa nyuma kama Escudo, na kwa watu wawili na mazao ya shambani inatosha kabisa. Watano na mizigo kwenda Lushoto kupitia Mombo, utaizima AC mwenyewe bila kuambiwa.

Kabla hujafunga tela

Tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, wala nusu ya uzito wa gari; chukua iliyo ndogo. Kwa Rush ya kama kilo 1,180 hiyo ni 590, na tela lenyewe lishakula sehemu yake, kwa hiyo lipeleke mizani likiwa tupu. Pakia ili kama asilimia 10 ya uzito ilalie ndoano: tela la kilo 600, kilo 60. Zikipungua sana tela litayumba ukishika mwendo, na hizo 60 zinahesabiwa kwenye mzigo wa gari, kama abiria mwingine aliyekaa bampa. Tela husajiliwa na kupewa namba yake. Kenya ni zile zinazoanza na Z.

Ndoano ifungwe kwa bolti kwenye reli za chasisi, pande zote mbili. Nimeona zilizochomelewa kwenye bati la chini ya buti, zimepakwa rangi nyeusi vizuri, na bati limeanza kuchanika kuzunguka weldi. Ingia chini ya gari na tochi kabla hujaisifia.

Na usilijaribu gari ukiwa wewe na dalali tu kwenye lami tambarare. Chukua watu wazima wanne, washa AC, tafuta mlima halisi: Nairobi, shuka Mai Mahiu ukapande nao, Dar, pandisha Kimara. Simama katikati ya mlima, kisha ondoka. Tazama mshale wa joto na sikiliza mizunguko. Ikipanda huku gari haliongezi mwendo, gia zinateleza. Mkifika juu, tumbukiza mkono kati ya tairi la nyuma na bodi: kama vidole havipiti kwa watu wanne tu, springi zimeshachoka, na bei ya kuzibadili itoke kwa muuzaji.