Tiba ya Osteopathia kwa Kano ya Nyonga Iliyochanika: Tathmini ya Mgonjwa

Nilifika katika kliniki hii ya osteopathia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mikono, mjini Columbus, jimboni Ohio, baada ya kipimo cha picha cha MRI kuonyesha kwamba kano ya msuli wa tako langu la kulia imechanika kwa sehemu pale inaposhikamana na kile kinundu cha mfupa wa paja kilicho pembeni mwa nyonga. Daktari wa kwanza alinitajia upasuaji. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao na kuwainua vitandani, hivyo nilitaka kwanza kujua kama ipo njia nyingine.

Ndugu zangu wa nyumbani wasidhani kwamba nazungumzia mkandaji au mwunga mifupa. Hapa Marekani, ambako Andrew Taylor Still alifungua chuo cha kwanza cha osteopathia mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892, daktari wa osteopathia ni daktari kamili mwenye leseni ya kuandika dawa na hata kupasua, na tiba ya mikono ni elimu anayoongezewa juu ya hayo. Uingereza sivyo: huko mtaalamu wa osteopathia si lazima awe daktari.

Daktari wa osteopathia wa kliniki hii alinisimamisha kwa mguu mmoja mbele ya kioo, nikaona upande wa pili wa nyonga ukishuka kwa kuwa msuli ulishindwa kuubeba. Kisha akanilaza, akatafuta kwa kidole gumba mahali panapouma zaidi, akausogeza mguu taratibu mpaka maumivu yakapungua chini ya kidole kile, akaushikilia hapo kwa sekunde 90. Baadaye nilisukuma goti dhidi ya kiganja chake kwa sekunde chache, nikalegeza, naye akausogeza mguu mbele kidogo zaidi. Hakunivuta kwa nguvu hata mara moja.

Nilimwamini kwa sababu hakunidanganya. Alisema wazi kwamba mikono haiungi kano, kwamba iliyokatika kabisa na kujivuta huenda ikahitaji daktari wa upasuaji, na kwamba ushahidi wa tiba ya mikono kwa tatizo hili bado ni haba. Kazi yake ni kulegeza misuli ya kiuno na paja ili nimudu mazoezi, ambayo ndiyo yanayoipa kano nguvu. Alinitajia utafiti wa Australia wa mwaka 2018 uliohusisha watu 204 wenye maradhi ya kano hizi, ambapo baada ya wiki 8 waliofundishwa na kufanya mazoezi walipata nafuu kwa wingi kuliko waliochomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Akanikataza kukunja nne, kulalia upande unaouma, na kumbeba mjukuu wangu kiunoni, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Baada ya miezi mitatu na vipindi sita, napanda ngazi bila kushika ukuta na nalala usiku kucha nikiwa na mto katikati ya magoti. Kumwinua mgonjwa mzito peke yangu bado siwezi.

Lawama yangu ni kwa ofisi ya mapokezi. Nilingoja wiki sita kupata miadi, na hakuna aliyeniambia kwamba bima ingelipia sehemu tu ya tiba ya mikono, mpaka ankara ilipofika nyumbani. Anayekwenda aipigie simu kampuni yake ya bima kabla ya kipindi cha kwanza, aulize vipindi vingapi vinalipiwa, na aombe jibu kwa maandishi.