Nilivyompata mwimbaji wangu ndani ya Second Life

Huu ni mwezi wa tatu sasa. Kila Jumapili ikifika saa nne usiku navaa hedfoni, nafungua laptopu na kwenda kumsikiliza dada mmoja wa Uingereza anayeimba na gitaa lake. Ukumbi uko ndani ya Second Life, ule ulimwengu wa kompyuta uliofunguliwa na Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003. Ninaowatajia wengi hudhani ulishakufa. Haujafa, na muziki wa moja kwa moja ni jambo la zamani humo: Suzanne Vega aliimba huko mwaka 2006, na mwaka uliofuata okestra ya Royal Liverpool Philharmonic nayo ikapiga.

Kujiunga ni bure. Unatengeneza umbo lako, yaani avata, unaangalia orodha ya matukio, unachagua ukumbi na mara moja uko mlangoni. Usiku ule wa kwanza nilipita kumbi mbili nikatoka. Moja ilikuwa na DJ tu, nyingine watu wamesimama hawasemezani. Wa tatu ulikuwa jukwaa la mbao ufukweni. Watu kama 20 wanacheza, na mimi sisikii kitu! Mmoja wao akaniandikia nibonyeze alama ya muziki juu ya skrini. Nikabonyeza.

Sauti nzito, ya mtu mzima, na gitaa peke yake. Nilidhani ni kanda. Katikati ya wimbo wa pili uzi ukakatika. Nilisikia ulivyolia, kisha ukagonga tumbo la gitaa. Hakunyamaza. Alimaliza ubeti mzima kwa sauti tupu, anajipigia mapigo kwa kiganja, halafu akacheka na kutuomba tumngoje afunge uzi mwingine. Tukangoja. Tukamsikia anakaza, anajaribu, anakaza tena, na kiti chake kinalia kila akijisogeza. Kwenye skrini avata yake iliendelea kupiga gitaa vilevile kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini masikioni mwangu alikuwapo mtu, yuko chumbani kwake, anahangaika na uzi kwa ajili yetu. Nyimbo nilizozinunua maishani ni nyingi, ila sikumbuki lini mara ya mwisho nimekaa na mwimbaji kwa ukaribu ule.

Kuna kitu kilinichanganya mwanzoni. Wimbo ukiisha nilikuwa naandika pongezi, na yeye kimya, kisha baadaye ndipo anashukuru. Sababu ni njia ambayo sauti inapita. Anaimba kwenye maikrofoni, programu kwenye kompyuta yake inaipeleka sauti kwenye seva ya kurushia matangazo, na kila msikilizaji anaivuta kutoka huko kama redio ya intaneti. Maandishi yetu yanamfikia papo hapo, lakini wimbo unatufikia umechelewa. Nilipohesabu kwangu ilikuwa sekunde 18. Wanamuziki wa humo wamezoea kungoja makofi, na ukishajua hilo unaacha kudhani kwamba amekupuuza.

Waliokulia kwenye taarabu hawatapata shida na suala la kutunza. Chombo cha tunzo kiko mbele ya jukwaa. Unakibofya na kuandika kiasi. Pesa ya humo inaitwa Linden dola, na dola moja ya Marekani inapata kama 250 hivi. Mimi hutoa 200, haifiki dola moja ya Marekani, na jina langu hulitaja kabla ya wimbo unaofuata. Mara ya kwanza alilitamka vibaya, akauliza linatamkwaje. Tangu siku hiyo hajalikosea.

Kwa wenye wasiwasi wa bando: sauti yenyewe haili sana. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde ni chini ya MB 60 kwa saa. Kinachokula ni picha. Laptopu yangu ni ya zamani, kwa hiyo nimeshusha ubora wa picha hadi chini kabisa na kupunguza umbali wa kuona, na nikishafika nasimama mahali pamoja. Uzuri wa majengo sikuufuata mimi. Kama wewe unataka kuona vidole vikitembea kwenye nyuzi, humo huvioni, na bora ujue kabla hujajiunga.

La mwisho ni saa. Matangazo yote ya humo yanafuata saa za California. Saa sita mchana kwao ni saa nne usiku hapa Dar, lakini wakirudisha saa zao nyuma Novemba, onyesho lilelile linaangukia saa tano. Kengele ya simu nimeshaiandaa, na Jumatatu ile nimeomba zamu ya mchana.