Shokabsoba za gari lililoshushwa: ipi inunuliwe kwanza Nakuru na Kisumu

Gari likishushwa, nafasi iliyo chini ya bampa ndiyo kila mtu huiona ikipungua. Kinachopungua bila kuonekana ni safari ya shoki, yaani umbali ambao pistoni inaweza kushuka kabla ya kugonga mpira wa kuzuia. Tuseme shoki yako ya kawaida ina milimita 60 za kushuka gari likiwa limesimama. Ukiweka springi fupi zinazoshusha gari milimita 40, umebaki na 20. Pita nazo usiku kwenye matuta yasiyopakwa rangi, kati ya Kisumu na Kakamega, na 20 hizo zitakwisha hata kabla hujakanyaga breki. Mpira unagongwa, kesho unagongwa tena, na baada ya muda shoki iliyonunuliwa mpya inavuja mafuta huku fundi akitukanwa bure.

Ndiyo maana nimezipanga kwa swali hili: gari likishakaa chini, umebakiwa na safari kiasi gani, na shoki ina nguvu ya kuishika hiyo springi mpya? Wauzaji wengi huanza na ugumu. Ugumu bila safari ni kuumiza mgongo tu.

Ya kwanza: shoki fupi zilizoundwa kwa gari lililoshushwa

Hizi hutengenezwa na umbo fupi makusudi, ili pistoni ibaki mahali pake hata springi ikiwa fupi. Bilstein B8 ndiyo inayojulikana zaidi. Hapa kuna mtego: B6 ya kampuni hiyohiyo ni ya manjano vilevile, lakini imeundwa kwa gari lenye kimo chake cha kiwandani. Muuzaji atakuambia "zote ni Bilstein, boss," naye hasemi uongo. Soma namba, usisome rangi.

Koni Sport nayo ni nzuri, na ina faida ya kurekebishwa jinsi inavyozuia springi kurudi juu. Hilo ni muhimu, kwa sababu springi fupi huwa ngumu zaidi na hurudi kwa nguvu. Ukiipa shoki dhaifu, gari hupita tuta moja kisha linadundadunda hadi la pili.

Shusha kama milimita 30, tafuta springi na shoki zinazolingana, na utaishi vizuri. Shida ni upatikanaji: mwenye Golf ana chaguo, mwenye Premio atatafuta sana. Pia Bilstein ni ya mrija mmoja, na jiwe likibonyeza mrija huo pistoni inaweza kukwama. Kama unaishi ndani ya barabara ya murram, lifikirie hilo kabla ya kulipa.

Ya pili: koilova, ila si kila koilova

Koilova ni shoki na springi zilizofungwa pamoja kama kitu kimoja, ambazo kimo chake unaweza kukirekebisha. Kwa Impreza, Legacy na Mark X, ambazo ndizo vijana wa Nakuru hushusha zaidi, hapa ndipo wengi mtaishia, na si pabaya. Lakini ziko za aina mbili. Za kwanza hushusha gari kwa kuteremsha ringi inayobeba springi. Kila ukishusha, unakula safari ya shoki. Za pili zina mguu wa chini unaozungushwa, hivyo shoki nzima inafupika na safari yake inabaki ilivyokuwa. Tein Flex Z na BC Racing BR ni za aina hii ya pili. Kama pesa inatosha aina ya kwanza tu, afadhali urudi kwenye springi na shoki fupi.

Kati ya hizo mbili, mimi ningechukua Flex Z kwa gari la kila siku. Ni ya mirija miwili, kwa hiyo jiwe likibonyeza mrija wa nje haiharibiki upesi, na ina hatua 16 za kurekebisha ulaini. BR ina hatua 30, ambazo sijaona dereva wa kawaida akizimaliza.

Sababu nyingine ni Desemba. Gari lililoshushwa likibeba mama, watoto wanne na gunia la sukari kwenda ocha Siaya au Bungoma, litakwaruza kila mahali. Koilova inakuruhusu kulipandisha kabla ya safari. Usifanye hivyo kila wikendi, maana kimo kikibadilika alainimenti (jinsi magurudumu yalivyonyooshwa) nayo inabadilika, na tairi zitalika upande mmoja.

Adui wa koilova huku kwetu ni uchafu. Vumbi la Nakuru na tope jeusi la Ahero huingia kwenye nyuzi za mguu na kuzikaza. Ukitaka kurekebisha baada ya mwaka, ringi haizunguki hata kwa nyundo. Osha sehemu hiyo kwa brashi kila mvua inapokwisha, kisha pakaa grisi. Ukipewa nafasi ya kuchagua maunti za juu, yaani vishikio vinavyofunga shoki kwenye bodi, chukua za mpira. Za chuma hugongagonga mapema kwenye barabara zetu.

Ya tatu: shoki mpya za kawaida

KYB Excel-G inatosha ikiwa umeshusha milimita 20 hivi, si zaidi. Usiruhusu mpira wa kuzuia utolewe "ili gari lishuke vizuri". Ndio unaolinda shoki. KYB bandia zipo, kwa hiyo linganisha namba iliyo kwenye shoki yenyewe na ile ya boksi, na zote mbili na chasisi ya gari lako.

Ya nne: mtumba wa Japani

Bilstein zilizotoka kwenye Legacy za GT hupendwa sana. Isukume hadi chini uiachilie: shoki ya gesi iliyo hai hurudi yenyewe. Isiporudi, iache hapo. Kagua pia fimbo, isiwe na mikwaruzo wala mafuta. Ila kumbuka kuwa zimeundwa kwa kimo cha kiwandani, na hakuna ajuaye zimetembea kilomita ngapi.

Ya mwisho: springi iliyokatwa juu ya shoki kuukuu

Usinunue. Springi iliyokatwa inaweza kulegea na kutoka mahali pake gurudumu likining'inia, na ile iliyochomwa kwa gesi imepoteza uimara wa chuma. Ni rahisi mpaka siku ile.

Kabla ya kumlipa fundi

Nunua jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Mwambie fundi akaze bolti za bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki, la sivyo mipira hujikunja na kupasuka mapema. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kila upande, kabla na baada. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi sentimita moja, usitoke gereji; kuna springi iliyokaa vibaya.